Mwaka Kwenye Chupa Si Cheti

Mvinyo mkuu wa Bordeaux, tunaambiwa, ni kazi ya ardhi na mwaka. Binadamu huusindikiza tu kutoka shambani hadi kwenye chupa. Maneno hayo yamo katika vitabu vya mvinyo na katika katalogi za minada ya London na Hong Kong. Siku hizi yamefika pia kwenye hoteli kubwa za Nairobi na Dar es Salaam, ambako mwaka wa chupa hutajwa kwa sauti ile inayotumika kutaja shahada ya chuo kikuu. Naandika kuyapinga. Imani hii imewanyima sifa waliotoka jasho, imewatajirisha wasiolima, na imewafunga macho wanaonunua. Hata msomaji ambaye hajaonja wala hatarajii kuonja mvinyo maishani mwake ana haki ya kujua jinsi zao la shamba linavyopangiwa bei na watu wasiolilima.

Niieleze kwanza kama wenyewe wanavyoieleza. Kando ya mlango mpana wa mto uitwao Gironde, katika Médoc, kuna matuta ya changarawe yanayopitisha maji upesi na kushika joto la mchana. Hapo zabibu aina ya Cabernet Sauvignon hukomaa vizuri mno. Upande wa pili, kaskazini ya mto Dordogne, ziko Saint-Émilion na Pomerol, zenye udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, ambako Merlot ndiyo inayotawala. Mvua na jua vya mwaka mmoja havifanani na vya mwingine, kwa hiyo kila mwaka wa mavuno hutoa mvinyo wenye sura yake, na mwaka mwema huzaa mvinyo wa kuwekwa miaka 30 au 50. Mashamba bora yaliorodheshwa mwaka 1855, na orodha ile imedumu kwa sababu ardhi haisemi uongo. Daraja, mwaka na bei basi ni mashahidi watatu wanaosema jambo moja.

Sehemu ya maelezo hayo ni kweli, na sina haja ya kuikana. Changarawe ya Pauillac, huko Médoc, hupitisha maji kama wasemavyo, na mvua kubwa ya Septemba huozesha zabibu. Wanapopotoka ni pale wanapogeuza ukweli huo kuwa hukumu: kwamba maumbile yenyewe ndiyo yaliyopanga vyeo, na bei ni tangazo lake.

1. Madalali walipima bei

Orodha ya 1855 ilizaliwa kwa ajili ya maonyesho. Napoleon III alitaka Ufaransa ijionyeshe mjini Paris, Chemba ya Biashara ya Bordeaux ikatakiwa kuandaa mvinyo wa mkoa, na kazi ya kupanga madaraja wakapewa madalali. Orodha ilikuwa tayari tarehe 18 Aprili, wiki mbili hivi baada ya kuombwa. Hakuna aliyechimba udongo wala aliyeitisha kikao cha kuonja. Madalali walifungua daftari zao za mauzo, wakaangalia nani ameuza kwa bei gani miaka nenda miaka rudi, wakayagawa mashamba ya mvinyo mwekundu katika madaraja matano. Kwa dalali kazi hiyo ilikuwa halali kabisa: aliulizwa bei, akajibu bei. Kosa ni la waliokuja baadaye, waliolichukua daftari la soko wakalisoma kama ramani ya maumbile.

Tena daftari lenyewe lina pengo. Mashamba yote ya mvinyo mwekundu yaliyotajwa ni ya Médoc, isipokuwa moja, Haut-Brion ya Graves. Saint-Émilion haimo. Pomerol haimo. Mvinyo wa huko ulipitia zaidi mikononi mwa wafanyabiashara wa mji wa Libourne, na madalali wa Bordeaux waliandika kile walichokiuza. Leo Pétrus ya Pomerol ni miongoni mwa mvinyo ghali kuliko yote duniani, na haina daraja lolote rasmi. Anayesema kwamba mwaka 1855 ardhi ndiyo iliyotoa hukumu anapaswa kueleza kwa nini ardhi ya ng'ambo ya mto haikuitwa hata kutoa ushahidi.

Lipo jambo zito zaidi. Daraja limefungwa kwenye jina la shamba, halikufungwa kwenye udongo. Mmiliki wa shamba lenye cheo akinunua kipande cha jirani ndani ya eneo lile lile lililosajiliwa, mizabibu ambayo jana haikuwa na cheo inaweza kuingia kwenye mvinyo wake mkuu na kubeba cheo chote. Akikiuza kipande chake kwa mtu asiye na daraja, udongo ule ule unavuliwa heshima. Mipaka ya mashamba mengi ya Médoc imesogezwa hivyo tangu 1855, na vyeo vimebaki palepale. Nini hubadilika ndani ya changarawe siku hati inapogongwa muhuri? Hakuna, na kila mtu katika biashara hiyo anajua kwamba hakuna.

Badiliko kubwa la orodha hiyo lilifanyika mwaka 1973, shamba la Mouton lilipopandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza. Kilicholipandisha ni juhudi za miongo mingi za mmiliki wake, Baron Philippe de Rothschild, na sahihi ya waziri wa kilimo wa wakati huo, Jacques Chirac. Huko Saint-Émilion, ambako orodha yao ya tangu 1955 hupitiwa upya kila baada ya muda, toleo la 2006 liliishia mahakamani. Kwa toleo la 2022 mashamba makubwa ya Cheval Blanc, Ausone na Angélus yalijitoa. Cheval Blanc na Ausone walilalamika kwamba vigezo vinatoa uzito kwa mambo kama utalii na mitandao ya kijamii. Waliokaa kileleni kwa miaka mingi wenyewe wanashuhudia kwamba kipimo kinapima vitu ambavyo havioti shambani.

2. Tabia ya mkoa imetengenezwa, na si mara moja

Wanaposema Bordeaux ina tabia ya kale isiyobadilika, niulize: ipi? Sehemu kubwa ya Médoc ilikuwa kinamasi hadi wahandisi wa Kiholanzi walipochimba mifereji ya kukausha maji katika karne ya 17. Sifa ya mkoa ilikuja kwa njia ya bandari kabla ya kuja kwa njia ya Médoc. Mwaka 1152 Eleanor wa Aquitaine aliolewa na Henry Plantagenet, ambaye miaka miwili baadaye akawa mfalme wa Uingereza, na kwa karne tatu, hadi vita vya Castillon vya 1453, Bordeaux ilikuwa chini ya taji la Kiingereza na ilimuuzia mnywaji wa Kiingereza. Haut-Brion ilipata jina London kabla ya Paris. Samuel Pepys aliandika kuhusu mvinyo huo katika shajara yake mwaka 1663. Soko lilitangulia, sifa ikafuata.

Na fedha iliyojenga kuta nyeupe za mji huo katika karne ya 18 haikutoka kwenye zabibu peke yake. Bordeaux ilikuwa moja ya bandari kuu za Ufaransa katika biashara ya watumwa. Meli zake zilisafirisha Waafrika zaidi ya 100,000 hadi ng'ambo ya Atlantiki, na sukari na kahawa ya koloni la Saint-Domingue ikatajirisha familia zake za kibiashara. Kuelekea mwisho wa karne hiyo baadhi ya meli hizo zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuwafuata mateka hadi Msumbiji. Ukisoma maelezo marefu kuhusu changarawe na jua, kumbuka kwamba ukurasa huo nao ni sehemu ya tabia ya Bordeaux, na watu wa pwani yetu wamo ndani yake.

Turudi kwenye chupa. Mwanzoni mwa karne ya 19, mvinyo wa mashamba makuu yenyewe ulichanganywa na mvinyo mzito wa Hermitage kutoka bonde la Rhône, au wa Hispania, kwa sababu mnunuzi wa Uingereza aliutaka mkolezo huo. Mchanganyiko huo haukufichwa, na kuna waliolipa zaidi kuupata. Bei za miongo hiyo, zilizojengwa kwa sehemu juu ya mvinyo wa mkoa mwingine, ndizo ambazo madalali wa 1855 walizirithi.

Kisha yakaja maradhi. Miaka ya 1850 ubwiri unga uliangamiza mavuno. Miaka ya 1860 na 1870 filoksera, mdudu mdogo kutoka Marekani, alianza kula mizizi ya mizabibu ya Bordeaux, na tiba iliyopatikana ilikuwa kubebesha mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya Kimarekani. Karibu kila mzabibu wa Bordeaux unaosifiwa leo kwa jinsi unavyofyonza siri ya udongo wa Ufaransa unafyonza kwa mizizi ya Kimarekani. Carmenère, zabibu iliyokuwa ya kawaida Médoc, ilikaribia kutoweka huko; mwaka 1994 ilitambuliwa Chile, ambako ilikuwa imepandwa miaka mingi ikidhaniwa kuwa Merlot. Mwezi Februari 1956 baridi kali iliua mizabibu mingi, na hadi kufikia mwaka 1970 hivi mkoa huu tunaoambiwa ni nyumba ya mvinyo mwekundu tangu jadi ulikuwa ukitengeneza mweupe mwingi kuliko mwekundu. Ladha laini ambayo wanywaji huihesabu kuwa ya kale ilitokana kwa kiasi kikubwa na mafundisho ya Émile Peynaud, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Bordeaux, aliyewashawishi wakulima wa karne ya 20 wavune zabibu zilizokomaa na wasimamie uchachushaji kwa usafi na vipimo. Mwaka 2021 aina sita mpya za zabibu ziliruhusiwa katika mvinyo wa kawaida wa Bordeaux ili kukabili joto linaloongezeka. Moja yao, Touriga Nacional, ni ya Ureno.

Sioni aibu yoyote katika mabadiliko hayo. Watu waliokausha kinamasi, waliobebesha mizabibu mamilioni, waliogundua kwamba mrututu na chokaa huzuia ubwiri vinyoya, walifanya kazi kubwa. Dawa hiyo ya mrututu na chokaa, iliyotangazwa na Alexis Millardet mwaka 1885 baada ya kuchunguza mizabibu ya Saint-Julien, imewafaa wakulima wa dunia nzima. Dawa za shaba zinazonyunyizwa kwenye mibuni ya Kilimanjaro na Kenya ni za ukoo huo huo. Ndiyo maana nakasirika sifa yote inapokabidhiwa changarawe.

3. Mwaka

Hapa imani inajiona imara zaidi, na hapa ndipo inapovuja zaidi.

Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu mvinyo kuandikwa mwaka fulani endapo angalau asilimia 85 ya zabibu zake ni za mwaka huo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, katika miaka ya baridi, mvinyo wa Bordeaux uliongezewa sukari kabla ya kuchachuka, njia iliyoenezwa na Jean-Antoine Chaptal, waziri wa Napoleon wa kwanza. Ilikuwa halali, na iliokoa mavuno. Lakini mwaka uliosahihishwa kwa sukari hauwezi kuitwa sauti safi ya jua.

Halafu tazama anayetangaza kwamba mwaka ni mwema. Kila Aprili, mvinyo wa mavuno yaliyopita huonjwa ukiwa ungali kwenye mapipa, kwa sampuli zilizoandaliwa na muuzaji mwenyewe. Wakosoaji hutoa alama, bei hutangazwa, na mnunuzi hulipa mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kupokea chupa. Mmarekani Robert Parker alijijengea jina kwa kuyasifu mavuno ya 1982, na kwa miaka 30 iliyofuata alama zake kati ya 100 zilipandisha na kuporomosha bei, hadi baadhi ya watengenezaji wakaanza kutengeneza mvinyo wa kumpendeza yeye. Mwaka wa karne ulitangazwa 2000. Ukatangazwa tena 2005, ukatangazwa 2009, na 2010 haikuachwa. Waliolipa bei za 2010 wengi waliona thamani ikishuka miaka michache baadaye. Mwaka 2012 Latour, shamba la daraja la kwanza, lilitangaza kuacha kuuza kwa utaratibu huo na kuusubirisha mvinyo wake hadi utakapokomaa. Aliyekuwa ndani ya mfumo aliuacha. Walio nje wanaendelea kuuamini.

Umri nao hupokelewa kana kwamba kila mvinyo huongezeka uzuri ukikaa. Mwingi hauongezeki. Tanini hulegea, harufu ya tunda hufifia, hewa hupenya kizibo kidogo kidogo, na ni sehemu ndogo tu ya mvinyo wa Bordeaux yenye umbile la kunufaika na miongo kadhaa, tena ikihifadhiwa chupa imelala, gizani, kwenye nyuzijoto 12 au 13. Chupa iliyosimama miaka mitatu kwenye rafu ya duka la Mombasa bila kiyoyozi imezeeka kwa namna nyingine kabisa, na mwaka ulio kwenye lebo yake hauwezi kuikomboa.

Kipimo hiki cha mwaka kimetungwa na nchi zenye vuno moja kwa mwaka. Dodoma mizabibu huvunwa mara mbili. Mkulima wa Makutupora hadaiwi maelezo yoyote kwa nini mvinyo wake haujengi jina juu ya tarakimu nne.

Watetezi wa Bordeaux walipata nafasi ya kuthibitisha dai la umri. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwapa waonjaji wa Kifaransa mvinyo bila kuwaonyesha lebo. Mwekundu uliopata alama nyingi ulikuwa wa Stag's Leap wa California, wa 1973, mbele ya Mouton na Haut-Brion za 1970. Jibu likawa kwamba Bordeaux huhitaji muda, ingojewe. Ikangojewa miaka 30. Mwaka 2006 mvinyo ule ule ulipoonjwa tena, nafasi tano za kwanza zote zilikwenda California, na ya kwanza kabisa ilikuwa Ridge Monte Bello ya 1971.

4. Ulimi hausikilizwi

Tarehe 5 Desemba 1985, Christie's ya London iliuza kwa pauni 105,000 chupa moja ya Lafite yenye mwaka 1787 na herufi Th.J., ikidaiwa kuwa ilikuwa mali ya Thomas Jefferson. Ilitoka kwa Mjerumani Hardy Rodenstock, ambaye hakuonyesha kamwe nyumba ambamo alisema chupa hiyo na nyingine za kundi lake zilikutwa. Tajiri wa Marekani Bill Koch, aliyenunua chupa nne za kundi hilo, aliajiri wachunguzi. Wataalamu wakaeleza kwamba herufi zilichongwa kwa kifaa cha umeme. Miaka iliyofuata Rudy Kurniawan alichanganya mvinyo nyumbani kwake California, akaubandika lebo za mashamba makuu ya Ufaransa, na mwaka 2014 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Alianza kushukiwa hadharani mwaka 2008, alipopeleka mnadani chupa za Clos Saint-Denis za shamba la Ponsot huko Burgundy zenye miaka kati ya 1945 na 1971. Ponsot walianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980.

Angalia walivyogunduliwa. Mmoja alifichuliwa na alama za kifaa cha kuchongea, mwingine na kumbukumbu za shamba. Ladha haikumkamata hata mmoja wao, ingawa walipita mezani mwa wanywaji waliojitangaza kuwa mabingwa wa dunia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulifanyika Bordeaux kwenyewe: wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Sisemi kwamba kuonja ni upuuzi. Mtu aliyefundishwa vizuri hutambua mengi. Nasema kwamba jicho likishaona rangi, jina na mwaka, ulimi hupoteza nafasi ya kutoa ushahidi, na biashara ya chupa za kale imejengwa juu ya kupoteza huko.

5. Anayelipa

Latour ni ya familia ya Pinault tangu 1993. Rauzan-Ségla ni ya wenye Chanel tangu 1994. Pichon Baron iko chini ya kampuni ya bima ya AXA tangu 1987. Hizo ndizo nyumba ambazo simulizi ya ardhi huzinufaisha, na ni sehemu ndogo sana ya mkoa wenye maelfu ya wakulima. Pembeni mwa majina hayo, kuanzia Médoc na kupitia upande wa Libourne, takwimu za serikali ya Ufaransa zimechora ukanda wa umaskini unaopita ndani ya mashamba ya mizabibu.

Desemba 2022 wakulima waliandamana katika mji wa Bordeaux wakisema mvinyo wao unauzwa kwa bei isiyorudisha gharama. Mwaka 2023 serikali na chama cha mvinyo cha mkoa walikubali kulipa euro 6,000 kwa kila hekta itakayong'olewa mizabibu, kwa hekta zipatazo 9,500. Mwaka huo huo Ufaransa ilitenga euro milioni 200 za kugeuza mvinyo uliokosa soko kuwa spiriti ya viwandani. Hayo yanatokea ndani ya mkoa ambao jina lake linauza chupa moja kwa maelfu ya euro. Jina ni moja, lakini anayeuza kwa jina hilo bila daraja anabaki na sifa ya mkoa na deni la benki.

Miili nayo inalipa. Hali ya hewa ya Bordeaux ina unyevu, ukungu wa mizabibu hauishi, na dawa hupulizwa mara nyingi kwa msimu. Asenaiti ya sodiamu ilitumika kwenye mizabibu ya Ufaransa hadi ilipopigwa marufuku mwaka 2001. Mwaka 2012 nchi hiyo iliutambua ugonjwa wa Parkinson kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima walioathiriwa na viuatilifu. Mwezi Mei 2014, katika kijiji cha upande wa Blaye, watoto wa shule ya msingi na mwalimu wao waliugua baada ya mashamba ya jirani kupuliziwa dawa, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikayatia hatiani mashamba mawili. Katalogi ya mnada hutumia aya nzima kueleza harufu ya mierezi na ngozi iliyomo ndani ya chupa. Mambo haya haiyataji.

Kwa hiyo wewe unayenunua, au unayemshauri mwajiri wako anunue, ukishika chupa ya Bordeaux muulize muuzaji nani aliyelima, dawa gani ilitumika, na chupa ilihifadhiwa wapi tangu ilipotoka bandarini. Mvinyo utakaounywa mwaka huu usiulipie bei ya miaka 30 ya kungoja. Tafuta mashamba yasiyo na daraja, yanayouza kwa jina la mkulima mwenyewe, na umlipe bei inayomwezesha kubaki shambani. Ya 1855 yaache kwa madalali.